Jina Juu ya Chupa

Barua ya idara ya maji ilisomwa nje ya kanisa baada ya misa, kwa sababu ofisi ya kijiji cha Migunga haikuwa na mlango wa kubandikia kitu. Mwenyekiti Gidamis alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Watu walimfahamu. Akifuta miwani kabla ya kusoma, habari si nzuri.

"Kisima cha Migunga," alisoma. "Msimamizi, Joakimu Margwe. Maji hayakuonekana kuwa na vimelea vya kinyesi. Yanafaa kwa matumizi ya binadamu."

Mtu mmoja alipiga makofi mawili, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Inaendelea," Gidamis alisema. "Kwa hiyo fedha za serikali za kulinda vyanzo vya maji kwa mwaka huu zitaelekezwa kwenye visima vilivyothibitika kuchafuka. Kisima cha Migunga kitafikiriwa baadaye. Tunawapongeza wananchi kwa utunzaji mzuri."

Kila aliyekuwa pale alikijua kisima hicho. Kilikuwa shimo lililozungushiwa mawe, chini ya mteremko. Upande mmoja walichota wanawake, upande wa pili walikunywa ng'ombe. Kwa miezi miwili kila kaya ilikuwa imebeba mawe na kutoa mchango wa shilingi elfu mbili, kwa sababu fedha za serikali zingekuja kujenga uzio, mfuniko wa zege, pampu ya mkono, na birika la kunyweshea mifugo mbali na watu. Mawe yalikuwa bado yamerundikwa pale pale.

"Mwenyekiti," Lukasi alisema, "soma tena hapo pa utunzaji mzuri."

Watu walicheka, lakini Lukasi hakucheka. Mtoto wake wa kiume alikuwa amelazwa wiki tatu kwa homa ya matumbo, na ndama wawili walikuwa wameuzwa.

"Ng'ombe wangu mwenyewe anakojoa mle ndani," aliendelea. "Namwona kwa macho. Leo serikali inanipa hongera."

Joakimu Margwe alikuwa amesimama mbele, mikono nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya maji, na shamba lake lilipakana na kisima. "Majibu yametoka maabara," alisema. "Mimi sikuyaandika."

"Hapana, wewe uliandikwa," Lukasi alisema. "Jina lako liko juu. Yule bwana maji alipokuja kupima, alikula kwako au hakula?"

"Alikula."

"Alikula nini?"

"Kuku."

"Kuku," Lukasi alirudia, akawageukia watu kama mtu aliyekwisha kutoa ushahidi wake. "Ameuza zamu yetu huyu. Kuna kijiji mahali fulani kinamshukuru."

Upande wa wanawake, Agatha, mke wa Joakimu, alikuwa amemshika mkono binti yao Fabiola, wa miaka saba.

"Mama," mtoto alinong'ona, "unaniumiza."

Agatha aliulegeza mkono. Katika watu wote waliokuwa nje ya kanisa siku ile, ni yeye tu aliyejua maji yaliyopimwa yalitoka wapi.

*

Yalitoka kwenye sufuria yake.

Bwana maji aliitwa Abdulrahim, kijana mpole wa Katesh mwenye pikipiki ya idara. Alifika asubuhi, akachota mwenyewe chupa tatu kisimani, akazipanga ndani ya sanduku la barafu, na juu ya kila chupa akaandika jina la kijiji na jina la msimamizi. Njia ya kwenda kisima cha kijiji jirani ilikuwa matope tu, pikipiki isingepita. Akaliacha sanduku nyumbani kwa Joakimu, akamwambia Joakimu lisifunguliwe, kisha wanaume wote wawili wakaondoka kwa miguu. Agatha alikuwa nyuma ya nyumba akimnyonyoa kuku. Hakuambiwa kitu.

Alifungua kifuniko kwa sababu alitaka kuona barafu. Akaona chupa. Maji yalikuwa na ukungu, na katika moja kulikuwa na kipande cha jani kinachozunguka polepole. Juu yake, kwa wino mweusi: Joakimu Margwe.

Katika nyumba alizokulia Agatha, maziwa hayatoki nje ya boma hivi hivi. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kijiti chenye moto, kikafukizwa, kikakung'utwa, kikanuswa. Kibuyu kikienda kwa watu, kinakwenda na jina la nyumba. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa alipeleka kibuyu kwa shangazi wa mumewe kikiwa na nzi mmoja, na habari za nzi yule alikuwa bado anazisikia mpaka leo kwenye harusi. Sasa serikali ilikuwa inabeba uchafu na jina la mume wake mpaka mjini, watu waliosoma wauangalie kwenye mwanga.

Tena, yeye aliamini ni kama mtihani wa shule. Anayefaulu ndiye anayepewa.

Akamwaga chupa zote tatu. Akazisuuza kwa maji ya moto mara mbili, kama anavyosuuza kibuyu, akazijaza maji aliyoyachemsha alfajiri kwa ajili ya Fabiola. Akazifuta kwa nje, akazirudisha kwenye barafu, majina yakitazama mbele. Kisha akarudi kwa kuku wake, na alikuwa na furaha ya mtu aliyemfanyia mumewe jambo jema bila kuombwa.

*

"Kuanzia leo maji hayachemshwi hapa," Joakimu alisema jioni ile ya barua.

"Baba Fabiola, mtoto tumbo lake..."

"Lucia akipita akaona sufuria ya maji jikoni atasema nini? Atasema tunajua. Atamwambia mumewe Lukasi, na Lukasi atawaambia wote." Aliikunjua barua juu ya meza, akaipapasa. Joakimu aliishia darasa la saba na aliheshimu sana kitu chenye muhuri. "Maabara imesema ni safi. Mimi nikichemsha, ninaikataa karatasi yenye jina langu."

Agatha alisimama na mwiko mkononi. Ulikuwa wakati wa kusema. Badala yake aliuliza kama aongeze ugali.

Alhamisi ilikuwa zamu yao ya sala za jumuiya. Picha ya Mama Maria ilikuwa inatembea nyumba hadi nyumba, wiki moja kwa kila familia, na wiki hiyo ilikuwa itoke kwa Lucia ije kwao. Agatha alifagia, akatandika kitambaa cheupe juu ya meza, akaazima viti viwili vya plastiki kutoka kwa katekista. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja akasikia wimbo wa kwanza. Ulitoka kule kule kwa Lucia. Walikuwa wameamua picha ikae pale wiki nyingine.

Fabiola alikuwa mlangoni. "Mama, wamepotea njia?"

"Leo tutasali wenyewe."

Walisali wenyewe. Agatha alifika fungu la tatu la rozari akakwama. Tangu Jumapili alikuwa akimwomba Mungu aliondoe jambo hili bila yeye kulisema, na kila alipoomba hivyo alijua kwamba hiyo si sala, ni kujificha nyuma ya sala. Kwa nini Bwana asikie maneno anayoogopa kusikia yeye mwenyewe?

Jumamosi alikwenda kuchota. Kamati ilikuwa kisimani ikibishana nani arudishiwe mawe yake. Lukasi alipomwona Agatha akija na ndoo alitabasamu, akainama upande wa ng'ombe, akachota kikombe kimoja.

"Katibu," alimwambia Joakimu. "Maji safi haya. Karibu."

Kikombe kilikuwa cha bati, na maji ndani yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wanawake waliacha kuchota. Gidamis alianza kusema kwamba haya si mambo ya watu wazima, lakini alisema kwa sauti ndogo, na hakumaliza.

Joakimu alikipokea. Alimtazama Lukasi, akatazama mlima Hanang kana kwamba kuna kitu kule, akanywa mpaka mwisho. Akakirudisha kikombe kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Asante," alisema.

Alikuwa amekunywa kwa imani. Agatha alilitambua hilo, akajaza ndoo yake, akaondoka bila kumsalimu mtu.

*

Siku tisa baadaye ni Fabiola aliyelala mgonjwa, si Joakimu. Kwanza kichwa, halafu tumbo, halafu joto lisiloshuka kwa dawa ya zahanati. Walimpeleka hospitali ya Katesh kwa gari la mzigo, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake kati ya magunia ya vitunguu.

Nesi aliyewapokea aliandika jina, umri, kijiji. Agatha alimsikia akiuliza bila kuinua kichwa, "Mnachemsha maji ya kunywa?"

"Maji yetu yamepimwa, dada," Joakimu alisema. "Ni safi. Karatasi ninayo."

Akaitoa mfukoni. Ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nesi aliisoma kwa makini, mpaka chini, akamtazama mtoto, akaisoma tena. Hakusema neno la kumdharau. Alimrudishia tu, akamwambia mama, "Huyu tunamlaza."

Mchana, dripu ilipokwisha kuwekwa na mtoto amelala, Agatha alimkuta mumewe nje, ameketi kwenye ngazi ya wodi akimenya chungwa asilolila. Alikaa ngazi moja chini yake, akamwambia yote. Barafu, jani, jina, sufuria. Aliongea akitazama viatu vyake.

Joakimu alisikiliza. Chungwa lilikuwa limemenywa lote, na bado kisu kilikuwa kinatembea.

"Nimemwonyesha nesi karatasi," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mbele yako. Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Na kisimani ukanyamaza. Nimekunywa mkojo wa ng'ombe wa Lukasi, wewe ukiwa umesimama pale na ndoo."

Mwanamke mmoja alipita na chupa ya chai, akawasalimu, wakaitikia vizuri wote wawili.

"Nilitaka jina lako liende safi," Agatha alisema, mwanamke yule alipokwisha kupita.

"Limekwenda safi," Joakimu alisema. Alisimama, akaliweka chungwa mkononi mwa mkewe. "Mpe mtoto akiamka."

Siku ile hakurudi wodini. Agatha alidhani amepanda gari la Migunga. Lakini kesho yake asubuhi alikuja, hajanyoa, akasema, "Mwombe mama wa kitanda cha jirani akae na Fabiola. Tunakwenda kwa bwana maji."

Abdulrahim alikuwa kwenye chumba chenye meza mbili na mabomba ya plastiki yaliyoegemezwa ukutani. Alisimama kumpa Joakimu shikamoo, akauliza habari za nyumbani, akasifu tena kuku. Agatha alipomaliza kueleza, kijana alikuwa amekaa chini.

"Sanduku sikulifunga," alisema. "Sheria ni kulifunga, au kutembea nalo. Na mimi nimo humu, mama."

"Rudi uchote tena," Joakimu alisema.

"Mzee, fedha zimekwisha kugawanywa mpaka Juni. Kipimo kingine ni gharama nyingine, na mkubwa wangu atauliza kwa nini. Siwezi kusema nimesikia." Alichukua kalamu, akaiweka chini. "Nileteeni muhtasari wa mkutano wa kijiji. Sababu iandikwe. Na jina la aliyefanya. Kosa langu la sanduku nitaliandika mimi, kwenye ripoti yangu. Hapo naweza kuomba mpimiwe tena, mwingizwe mwaka wa fedha ujao. Naweza kuomba tu. Siahidi."

Walipotoka nje Joakimu alisema, "Hawatakuamini. Watasema nimekufundisha."

"Najua."

"Sasa utasema ya nini?"

"Kwa sababu Lucia naye anachota pale," Agatha alisema. "Na mtoto wake ndiyo kwanza ametoka hospitali."

*

Mkutano ulijaa kuliko siku ya barua. Fabiola alikuwa amerudi, mwembamba, amefungwa mgongoni kwa mama yake ingawa umri wa kubebwa ulikwisha kupita. Mtendaji wa kijiji alikuwa na daftari la muhtasari. Agatha aliposimama, minong'ono ilianza kabla hajafungua mdomo.

Alisema kwa maneno machache. Aliposema "nikamwaga," mtu alicheka. Aliposema "nikajaza ya kuchemsha," hakuna aliyecheka.

Lukasi alisimama polepole. "Amefundishwa vizuri. Mwanamume amekula fedha, mke anatumwa kubeba. Mwanamke hafungwi kwa maji ya sufuria. Joakimu, una akili kuliko nilivyodhani."

"Nilimwambia hamtamwamini," Joakimu alisema.

"Hata hilo ungelisema."

"Basi niambie niseme neno gani ambalo hutalikataa."

Lukasi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. "Hakuna," alisema.

Mtendaji aliinua kalamu. "Niandike au nisiandike?"

"Andika," Agatha alisema. "Agatha Hhando. Hilo ndilo jina la baba yangu. Usiandike la mume wangu."

"Ngoja," Lucia alisema. Alikuwa amekaa chini pamoja na wanawake, na hakusimama. "Mwenyekiti, kabla hajaandika. Asubuhi ile ya bwana maji, nani alitutuma na mafagio kisimani?"

Gidamis aliishika miwani yake.

"Tulizoa mavi ya ng'ombe vikapu sita," Lucia aliendelea. "Tukamwaga mchanga. Mimi mwenyewe nikapanda ua. Mwenyekiti alisema mgeni asione aibu yetu. Kama vile anakuja askofu."

"Nilisema pawe pasafi," Gidamis alisema. "Sikusema maji."

"Ua nalo lilikauka kesho yake."

Wanawake walianza kucheka, kwanza mmoja mmoja, halafu wote, na kicheko hicho hakikuwa cha kumcheka Agatha. Hakikuwa cha kumsamehe pia. Lucia mwenyewe hakumtazama. Lukasi alimgeukia mkewe kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umehamishwa.

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulikuwa unahesabu kuku wa watu."

Waliandika. Waliandika pia kwamba Joakimu Margwe aache ukatibu mpaka mambo yafahamike, na Joakimu aliweka sahihi yake chini ya maneno hayo kwa mwandiko mzuri. Na Lukasi alidai iongezwe kwamba safari hii chupa zitachotwa mbele ya watu wote na hazitaonja kivuli cha nyumba ya mtu.

*

Abdulrahim alirudi baada ya wiki saba. Hakuna aliyefagia. Hakuna aliyechinja. Watu wapatao thelathini walisimama kuzunguka kisima, na ng'ombe wa upande wa pili waliendelea kunywa kama kawaida yao.

Alichota chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu wakimhesabia kwa sauti. Kisha akafungua kalamu yake ya wino.

"Msimamizi ni yule yule?"

"Ameachia," Gidamis alisema. "Hatujachagua mwingine."

"Siwezi kuacha wazi. Chupa isiyo na jina inatupwa."

Gidamis alitazama mlima. Mtendaji alifungua daftari lake akalifunga. Lukasi, aliyekuwa amesema sana kwa miezi mitatu, alikuwa anakagua mkanda wa sanduku. Maji yalikuwa yanatulia ndani ya chupa, na kila mtu aliyaona yalivyo.

"Andika mimi," Agatha alisema.

Joakimu aligeuka kumtazama. Tangu Katesh walikuwa wakiongea mambo ya mtoto na mifugo tu. Alisogea hatua moja, akasimama karibu naye.

"Agatha Hhando," Abdulrahim alitamka akiandika. Mara tatu.

"Onyesha," Lukasi alisema. Alisoma taratibu, kidole kikifuata herufi, chupa ya kwanza mpaka ya tatu. Akatikisa kichwa kukubali. "Sanduku nakwenda nalo mimi. Nitalipakata mpaka Katesh. Mkiniona nimelifungua, mnikate."

"Na hapo Katesh nani atakulinda wewe?" Lucia aliuliza, na watu wakacheka kidogo.

Agatha alikuwa amesimama karibu na sanduku. Maji yalikuwa na ukungu. Uzi wa nyasi ulipanda, ukasita, ukashuka. Kwenye chupa ya mbele tone moja lilikuwa linateremka kwa nje, taratibu, juu ya herufi ya kwanza ya jina lake, na wino ulianza kufuata. Pembe ya kanga ilikuwa tayari katikati ya vidole vyake. Aliuona mkono wake ukitoka kwenda kufuta. Akaushika kwa mkono wa pili, akaushika hivyo hivyo mpaka kifuniko kilipofungwa.